Testi ya Dubai kwa masikio: kutoka Muscat, Februari 2012

Jumamosi, 28 Januari. Muscat

Uingereza walihitaji mikimbio 145 tu kushinda mechi ya pili ya kriketi dhidi ya Pakistan, na mjomba alikuwa na uhakika hata akamtuma kijana wa duka akanunue sambusa za kusherehekea. Hapa Oman wakati huo Jumamosi ilikuwa siku ya kazi, kwa hiyo duka lake la vipuri pale Wadi Kabir lilikuwa wazi, wateja wanaingia na kutoka. Mechi yenyewe ilikuwa Abu Dhabi, nasi tukiifuata kwa njia ndefu: binamu yangu aliyeko Leicester anasikiliza matangazo ya BBC jikoni kwake, anatuandikia kwa BlackBerry, mimi nasoma kwa sauti, mjomba anawaeleza wafanyakazi wake wawili wa Kipakistani, ambao habari hiyohiyo wameshaipata kwa simu za ndugu zao kabla yetu na wananyamaza kwa adabu tu.

Sambusa zilipofika, wiketi zilikuwa zinaanguka, yaani wapigaji wanatolewa mmoja baada ya mwingine. Abdur Rehman, mrushaji wa mkono wa kushoto ambaye mjomba alikuwa akimwita "yule mwingine", alichukua wiketi 6 kwa kutoa mikimbio 25 tu. Uingereza wote wakatoka kwa 72, na kwa kejeli ya hesabu wakashindwa kwa mikimbio 72 hiyohiyo. Hawajawahi kupata idadi ndogo namna hiyo mbele ya Pakistan. Sambusa walikula Wapakistani.

Kwa msomaji ambaye mambo haya hayafuatilii: Uingereza hawa ndio nambari moja duniani kwenye mechi za Testi, zile za siku tano. Agosti iliyopita waliitandika India 4-0 hukohuko Uingereza. Pakistan kwa upande wao ni timu isiyo na kwao. Tangu basi la Sri Lanka liliposhambuliwa Lahore tarehe 3 Machi 2009, hakuna timu kubwa inayokwenda kucheza Pakistan, na mechi zao za "nyumbani" wanazichezea Imarati. Juu ya hilo, Novemba iliyopita wachezaji wao watatu walifungwa jela London kwa ile fedheha ya kurusha mipira haramu kwa fedha katika uwanja wa Lord's mwaka 2010, nahodha wao wa wakati huo akiwemo. Sasa watu hao ndio waliommaliza nambari moja kwa siku tatu katika mechi ya kwanza Dubai, Saeed Ajmal akichukua wiketi 7 kwa 55, na leo wameshinda tena.

Mjomba alifunga duka mapema. Mlangoni akasema, "Mechi ya tatu twende. Watu hawa nimewasikiliza tangu ujana wangu, sasa nataka niwepo wanapokufa."

Alhamisi, 2 Februari. Njiani

Tumeondoka baada ya Adhuhuri. Alhamisi ndiyo ilikuwa mwanzo wa mapumziko ya wiki huku wakati huo, na nusu ya Muscat ilikuwa nasi barabarani: Barka, Suwaiq, Sohar, kipilefti baada ya kipilefti. Shemeji yangu ndiye anayeendesha. Yeye ni Mbaluchi wa Mombasa, ukoo uliokaa Makadara vizazi na vizazi, na Pakistan kwake ni timu ya damu. Mjomba ni mzaliwa wa Unguja, aliondoka 1964, akakaa Mombasa, akaja Oman baada ya Sultani Qaboos kushika nchi. Uingereza anawapenda kwa sababu moja tu, redio, na hafichi.

Kesi ya redio ndiyo iliyotufikisha hadi mpakani. Shemeji alianza. Kwake mtangazaji asiyekimbia pamoja na mpira ni msoma taarifa ya habari. Akamtaja Leonard Mambo Mbotela, jinsi alivyokuwa akitangaza mechi za Harambee Stars hadi mtu aliyekaa Kilindini anajikuta amesimama mbele ya redio. Mjomba akakubali, akamwongezea Ahmed Jongo wa Redio Tanzania, kisha akamgeuzia kibao: kandanda ni dakika 90. Testi ni siku tano, na kila siku saa sita za mchezo. Atakayekimbia na mpira siku tano atazikwa siku ya pili.

Akatusimulia mwaka 1976, Mombasa, masafa mafupi yanakuja na kuondoka kama wimbi la Likoni, na yeye kijana amelaza kichwa ubavuni mwa redio akisikiliza West Indies wakiwachinja Waingereza pale uwanja wa The Oval, London, Michael Holding wiketi 14 katika mechi moja. Wakati huo matangazo ya mpira kwa mpira ya BBC yalikuwa na karibu miaka ishirini tangu yaanze 1957. John Arlott alikuwa bado kazini. Mjomba anapenda kukumbusha kwamba Arlott alikuwa polisi na mshairi kabla ya kuwa mtangazaji, na kwamba alijua kunyamaza. "Mpira haujarushwa, aseme nini? Anakwambia njiwa wametua, anakwambia basi jekundu linapita, anakwambia mama fulani amewaletea keki. Kisha mrushaji anaanza kukimbia, na sauti inabadilika kidogo tu. Hapo nywele zinakusimama."

"Keki?" shemeji akauliza.

"Keki. Wasikilizaji huwapelekea keki."

Shemeji akasema basi ndiyo maana timu inashindwa. Kwao, akasema, ni Munir Hussain aliyewatolea watu kriketi kwenye Kiingereza cha wakubwa na kuwatangazia kwa Kiurdu, na tangu hapo muuza matunda wa Karachi anajua mlinzi yupi amesimama wapi. Babake, huko Makadara, alikuwa akiipata Radio Pakistan usiku kwa shida, na mtaa mzima unajaa barazani.

Mimi nilikuwa kimya kiti cha nyuma nikiwaza jambo moja. Mwaka 2003 Kenya ilipofika nusu fainali ya Kombe la Dunia, sisi Mombasa tulikuwa na mtu wetu ndani, Aasif Karim, mzaliwa wa mji, aliyeitwa tena baada ya kustaafu. Alirusha Durban dhidi ya Australia ova 8 (kila ova mipira sita) na mipira miwili, akatoa mikimbio 7, akachukua wiketi 3. Australia wale, si wengine. Na sisi tuliyasikia hayo kwa Kiingereza, tukatafsiriana barazani kila mtu kwa lugha ya nyumbani kwake. Kriketi ikitangazwa kwa Kiswahili mpira kwa mpira, mwanzo hadi mwisho wa siku, mimi sijawahi kuisikia. Nikawaambia. Shemeji akanitazama kwenye kioo na kusema kazi hiyo hata yeye angeiweza.

Tumevuka mpaka wa Hatta Magharibi ikiingia. Usiku Deira, Dubai, chumba cha watu watatu karibu na Naif, pale ambapo ukitembea hatua chache unasikia Kiswahili cha Kariakoo kinapigania bei ya vitenge.

Ijumaa, 3 Februari. Siku ya kwanza

Metro haifiki Sports City. Unapanda hadi karibu, kisha teksi, kisha jangwa, na ghafla uwanja. Ni bakuli kubwa la watu wapatao 25,000 lenye taa zilizozunguka ukingo wote wa paa, hakuna hata mlingoti mmoja wa taa. Asubuhi palikuwa patupu. Waingereza waliosafiri na timu walikuwa upande mmoja, wameshaanza kuwa wekundu kabla ya mpira wa kwanza. Wapakistani walimiminika baada ya sala ya Ijumaa, mapumziko ya mchana yakiwa yameongezwa kwa ajili hiyo, na baada ya hapo hapakuwa na utulivu tena.

Misbah-ul-Haq, nahodha wa Pakistan, alishinda kura akachagua kupiga kwanza. Tukaketi. Stuart Broad wa Uingereza akarusha, kelele, mtu akatoka, na mjomba akaniinamia: "Nani?"

Nikadhani kelele ndizo zimemzuia. Wiketi iliyofuata akauliza tena. Ndipo shemeji akanikonyeza, akajigusa jicho. Mtoto wa jicho. Mjomba haoni mpira. Anaona majani, anaona weupe wa nguo zikisogea, basi. Amesafiri kutoka Muscat hadi Dubai kuja kukaa kwenye kiti cha uwanjani akiwa haoni mpira, na hajamwambia mtu.

Hakuna aliyelisema wazi. Shemeji alisafisha koo tu, akaanza: "Anderson anakuja kutoka upande wa banda, wanamngojea wawili kwenye slipu..." (ndio walinzi wa nyuma ya mpigaji) na kazi ikawa imeanza.

Alianza vibaya kweli. Alikuwa akitangaza kandanda. Kila mpira ulikuwa hatari, kila mpira ungetikisa nyavu kama pangekuwa na nyavu. Pakistan walipofika 44 kwa wiketi 7 sauti ilimkauka, nusu kwa kupayuka na nusu kwa uchungu, akanikabidhi mimi. Mimi nilikosea upande mwingine: nilikuwa natoa hesabu kama karani. Mjomba akatuvumilia wote wawili. Pakistan wakatoka kwa 99, na karibu nusu ya hizo, 45, ni za Asad Shafiq peke yake. Broad 4 kwa 36.

Mjomba akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu zile sambusa. Halafu Uingereza wakaingia kupiga.

Nilichokiona ndicho nilichokuwa nikikisoma wiki mbili katika ujumbe wa binamu, lakini sikuwa nimekiamini. Wazungushaji wawili, yaani warushaji wa mpira unaopinda, Ajmal na Rehman, na pichi, ule ukanda wa katikati mpira unapodundia, ambayo wala haigeuzi mpira sana. Mingine inakwenda moja kwa moja, chini, na Waingereza wanaicheza kana kwamba itapinda. Wanapelekwa na hofu ya mpira usiokuwepo. Nahodha Andrew Strauss alikaa, hadi kutoka kesho yake akiwa na 56, lakini pembeni mwake wanaingia na kutoka. Jioni walikuwa 104 kwa wiketi 6. Wiketi 16 kwa siku moja! Mjomba akasema siku kama hiyo Arlott asingepata nafasi ya njiwa hata mmoja.

Usiku ulikuwa wa Maulidi. Nyumba moja ya Wazanzibari huko Deira ilikuwa inasoma Barzanji, mjomba anawafahamu wazee wa pale, tukaenda. Uvumba, halua, kahawa chungu. Baada ya dua ya mwisho wazee watatu walimkalisha mjomba kitako na kumuuliza uwanja ulikuwaje, naye akawasimulia siku nzima, wiketi kwa wiketi, mrushaji kwa mrushaji, mwanga ulikuwa vipi, Strauss alisimamaje. Shemeji na mimi tukatazamana. Mambo mengine tulikuwa hatujamwambia.

Jumamosi, 4 Februari. Siku ya pili

Uingereza walimalizika 141, yaani mbele kwa 42 tu. Rehman 5 kwa 40. Pakistan wakarudi kupiga, wakapoteza wawili wakiwa na 28, na mjomba akaagiza chai kwa furaha iliyokuja mapema tena. Wakakutana Azhar Ali na Younis Khan.

Hapa ndipo siku ilipogeuka kuwa ndefu, na hapa ndipo nilipofahamu redio ni ya nini.

Azhar Ali hapigi. Anakaa. Mpira unakuja, anauzuia, anautazama ukifa miguuni pake, anarekebisha glavu, anangoja mwingine. Shemeji akatangaza hivyo kwa ova chache, kisha akaishiwa. "Azhar amezuia. Azhar amezuia tena. Mjomba, huyu amezuia." Kimya. Kutoka jukwaani mipira yote ya Graeme Swann na Monty Panesar inafanana, unaona mkono ukizunguka na unaona bati likishuka, lakini kilichotokea katikati hukioni. Kioo kikubwa kinarudia baadhi, si yote, na kinarudia bila kusema neno.

Nikampigia binamu. Leicester palikuwa bado asubuhi ya baridi kali. Alikuwa macho tangu kabla ya alfajiri kwa sababu huku mchezo unaanza saa nne za asubuhi na kwao ni saa kumi na mbili. Nikamwomba aweke simu karibu na redio. Akasema gharama ni ya nani. Nikasema ya shemeji.

Kwa hiyo tukakaa uwanjani, simu katikati ya vichwa vitatu, tukisikiliza mechi iliyokuwa mbele yetu ikitoka Uingereza. Ilikuwa nyuma kwa sekunde kadhaa. Tunaona Younis amecheza, mlinzi amekwisha kuuokota na kuurusha, ndipo sauti inatuambia Younis anajiandaa. Lakini katika sekunde hizo sauti ilikuwa inasema yale macho yetu yasiyoyafikia: mlinzi wa pembeni amesogezwa hatua mbili, Panesar anarusha polepole kidogo kuliko asubuhi, Azhar sasa anatoka kwenda kukutana na mpira badala ya kuungoja. Kisha mazungumzo yakahamia kwenye miguu.

Hili la miguu lilikuwa mjadala wetu hadi jioni, na naona ndilo lililowaua Waingereza safari nzima. Zamani mpigaji mjanja aliupeleka mguu mbele kabisa na kuuzuia mpira kwa pedi, kinga ya mguuni. Mwamuzi hawezi kuwa na yakini kwamba mpira ungegonga vijiti, umbali ni mkubwa, anamwacha. Sasa kuna mapitio ya picha. Kompyuta inachora njia ya mpira hadi kwenye vijiti, na waamuzi wenyewe wamekwisha kujifunza kutokana na ile michoro kwamba mipira mingi waliyokuwa wakiisamehe ingegonga. Kwa hiyo wanainua kidole. Mguu uliokuwa ngao umegeuka mtego. Wapakistani wamelielewa hilo, wanarusha moja kwa moja kwenye vijiti mpira baada ya mpira, na Waingereza bado wanacheza kriketi ya miaka kumi nyuma, pedi mbele, bati nyuma ya pedi.

Shemeji anaongeza kuwa Ajmal ana ule mpira wake unaokwenda upande usiotarajiwa, na mkono wake hausemi kitu. Mjomba anasema mkono wake unasema mengi, maana kiwiko kinakunjuka kupita kinavyoruhusiwa. Hapo wakagombana vizuri. Ajmal alikwisha kupimwa 2009 na kuruhusiwa, shemeji anasema, kesi imefungwa. (Naandika tena hapa miaka baadaye: Septemba 2014 ICC, wasimamizi wa kriketi duniani, walimsimamisha kwa kiwiko hichohicho. Mjomba alinipigia simu siku hiyo kabla sijaisikia habari. Hata hivyo sibadilishi ninalosema. Kiwiko au si kiwiko, Rehman hakuwa na tatizo la kiwiko na alichukua wiketi karibu sawa naye.)

Salio la simu liliisha kabla ya mapumziko ya chai. Na hapo shemeji alirudia kutangaza, akawa mtu mwingine. Hakupayuka tena. "Panesar anageuka. Nyuma ya Azhar mlinzi mmoja tu, ameinama, mikono magotini. Kule juu jukwaa la Waingereza kuna bwana amevua shati, na naona atajuta usiku. Panesar anakuja... Azhar, mguu mbele kidogo, bati kwanza, ameuzuia. Hakuna kitu." Mjomba alikuwa amefumba macho, kidole kinagonga goti kwa kila mpira.

Mzee mmoja wa Kiingereza aliyekuwa safu ya mbele yetu akageuka akauliza ni lugha gani hiyo. Nikamwambia. Akasema haelewi neno lakini anaweza kujua ni nani anarusha.

Jioni Pakistan 222 kwa 2, Younis 115, Azhar 75. Binamu akaandika kwamba Leicester theluji imeanza kuanguka.

Jumapili, 5 Februari. Siku ya tatu

Theluji imefunga nusu ya safari za Heathrow, anasema binamu, naye ana sababu nzuri ya kukaa jikoni kutwa.

Dereva wa teksi wa leo ni Mpathani kutoka Peshawar. Alipotuuliza tunatoka wapi, mimi nikasema Kenya, na gari likakaribia kutoka barabarani. "Nairobi! Shahid Afridi!" Anaijua siku, anaijua idadi: tarehe 4 Oktoba 1996, Gymkhana ya Nairobi, dhidi ya Sri Lanka, mia moja kwa mipira 37, na bati lilikuwa la kuazima, la Sachin Tendulkar. Hajawahi kufika Afrika, lakini ile Gymkhana anaweza kukuchorea. Alisikia wapi? Redio, alisema, kwa mshangao wa kuulizwa jambo dogo namna hiyo. Nauli alikataa sehemu yake.

Uwanjani: Younis alitoka kwa 127, ushirikiano wao ukiwa umefika 216. Azhar aliendelea hadi 157, mipira 442, kwa muda wa karibu saa tisa amesimama pale. Kuna wanaochoka na kriketi ya namna hii, na Misbah mwenyewe wakosoaji wa kwao wamembandika jina la "tuk-tuk" kwa mwendo wake wa kupiga. Mimi nasema timu iliyotolewa kwa 99 ina haki ya kukaa itakavyo. Panesar alifanya kazi ya punda, wiketi 5 kwa 124. Pakistan wote 365, Uingereza watafute 324, na hadi jioni wamepata 36 bila kupoteza mtu.

"Wanaweza," mjomba akasema kwenye teksi. Hakuna aliyemjibu.

Jumatatu, 6 Februari. Siku ya nne

Siku ya kazi, uwanja mtupu, sauti ya bati inasikika hadi juu ya paa. Shemeji alikuwa na mtihani mgumu leo na aliujua. Timu yake inakaribia kushinda 3-0 dhidi ya nambari moja wa dunia, jambo ambalo Pakistan hawajawahi kulifanya kwa Uingereza, na msikilizaji wake pekee ni mtu wa Uingereza. Kabla ya mpira wa kwanza mjomba alimpa sharti: "Mtangazaji hana timu. Ukishangilia nitahamia safu ya nyuma."

Alastair Cook alikaa muda mrefu, akapata 49. Wengine walianza vizuri kisha wakaenda: Kevin Pietersen 18, Ian Bell 10, Eoin Morgan 31. Ukitaka kuijua safari hii tazama majina haya matatu. Bell, ambaye majira ya joto aliwapiga India kama ngoma, amemaliza mechi zote tatu na mikimbio 51 kwa jumla, zamu sita za kupiga. Pietersen 67. Morgan, anayesifiwa kwa kuwajulia wazungushaji, 82. Warushaji wa Uingereza hawana deni. Broad, Anderson, Panesar na Swann walifanya kazi iliyotosha kushinda mechi mbili kati ya tatu, na kila jioni wakageuka nyuma wakakuta wapigaji wao hawapo. Nimewasikia watu hapa wakimlaumu kocha Andy Flower kwa kuwaleta bila mazoezi ya kutosha ya mchezo. Sikubali sana. Walikuwa Imarati tangu mapema Januari na walicheza mechi za maandalizi. Shida ilikuwa kichwani, na kila mechi ilivyoendelea ndivyo kichwa kilivyozidi kujaa.

Ajmal alimtoa Cook, Younis akaudaka kwenye slipu. Shemeji alisema hivi, nimeandika palepale: "Ajmal amesimama, anaugeuza mpira mkononi. Cook anangoja, mipira zaidi ya mia na themanini amengoja hivi. Anakuja Ajmal... umegusa ukingo, Younis chini, ameudaka. Cook ameondoka." Kisha akanyamaza. Chini yetu Wapakistani wachache waliokuwepo walikuwa wanaruka juu ya viti, naye ameketi, mikono mapajani, anatetemeka magoti. Mjomba bila kufumbua macho akasema, "Sasa pumua."

Matt Prior alibaki peke yake upande wa pili na 49 zake, hajatolewa, wenzake wakaisha. Umar Gul 4, Ajmal 4. Uingereza 252, wameshindwa kwa 71. Timu iliyoanza mechi kwa kutolewa chini ya mia ikashinda: mara ya mwisho lilipotokea kwenye Testi ilikuwa 1907, na waliofanya hivyo ni Waingereza wenyewe, pale Headingley. Hilo tuliletewa na binamu, ambaye alilisikia redioni ndani ya dakika chache. Ajmal wiketi 24 katika mechi tatu, mchezaji bora wa safari. Azhar mchezaji bora wa mechi.

Shemeji aliomba ruhusa. Mjomba akampa. Akashuka ngazi mbilimbili hadi kwenye uzio na tukamsikia kuanzia kule.

Mjomba alibaki nami. Nikamuuliza kama ameumia. Akasema Waingereza amewasikia wakishindwa na Holding, amewasikia wakishindwa na kila mtu, na huwa wanashindwa vizuri zaidi redioni kuliko magazetini. Halafu akauliza jambo alilokuwa akilizunguka tangu Ijumaa: ile hospitali ya macho ya Muscat aliyoambiwa na mkewe, foleni yake ikoje.

Jumanne, 7 Februari. Mpakani

Askari wa uhamiaji wa Oman upande wa Wajajah alikuwa kijana, uso mkavu, anapiga mihuri bila kuinua kichwa. Shemeji na mjomba walikuwa bado wanabishana kama Strauss astahili kubaki nahodha, kwa Kiswahili, kwa sauti ya watu walioshinda njiani. Kijana akainua kichwa. "Nyie mnatoka wapi? Bibi yangu ni wa Pemba." Kiswahili chake kilikuwa cha nyumbani, cha kuongea na bibi, kizuri kabisa.

Akauliza tulifuata nini Dubai. Shemeji akamwambia: mechi, siku nne, ingekuwa tano.

"Mechi gani ya siku nne? Nani kashinda?"

Shemeji akaegemea kwenye dirisha la kibanda, akaanza na kura ya Misbah. Alipofika kwenye wiketi ya saba ya Pakistan, magari nyuma yetu yalikuwa yanapiga honi, na kijana, muhuri hewani, alikuwa anauliza huyo Shafiq alibaki au naye alitolewa.